Barua ya wazi kwa wenye vyuo vikuu: dini msiiache getini, na msiigeuze madesa

Kwenu wakuu wa vyuo vikuu vya serikali, kwenu maaskofu na masheikh mnaomiliki vyuo, kwenu Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na Wizara ya Elimu, na hasa hasa nyie mnaokaa vikao kupanga kitakachofundishwa kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapa kwetu Lindi.

Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na kama kuna aliyebaki basi habari za saa hizi. Nimezimwaga zote kama waheshimiwa wanavyofanya wakipanda jukwaani, maana kwetu ndo ilivyo, tunasema serikali haina dini ila mkutano haufunguliwi mpaka sheikh apige dua, padri asali, na mchungaji naye apewe dakika zake mbili ambazo siku zote zinakuwa kumi.

Lindi na barua ni watu wa zamani. Mwaka 1908 ilizuka hapa barua ikaitwa Barua ya Makka, ikapita mkono kwa mkono kijiji kwa kijiji, inawaita watu warudi kwenye dini na inawaambia mwisho wa dunia umekaribia, na Mjerumani ambaye ndo kwanza alikuwa ametoka kuzima Majimaji akahaha kweli kweli na karatasi ile. Yangu hii haina kiyama ndani yake, msihofu. Inahusu jinsi dini inavyofundishwa vyuoni, na jinsi isivyofundishwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, historia na Kiswahili, mwaka wa kumi na tatu huu niko kwenye chaki. Ni Mwislamu, na digrii yangu niliichukua kwenye chuo cha kanisa, sio huku kusini, jina nalihifadhi maana walinifundisha mengi mazuri na sina ugomvi nao. Nilivyoondoka kwenda huko watu mtaani walimuuliza mama kama nishabatizwa au bado. Msiwacheke. Babu yangu alimkataza baba kwenda shule ya misheni enzi za Mwingereza, na sio kwamba alikuwa anachukia elimu, alikuwa anaogopa alichokuwa anasikia kwamba mtoto anaingia Hamisi anatoka Yohana, na kwa wakati ule ukiangalia shule nyingi zilikuwa za nani utaona hofu yake haikuwa ya kichizi. Ilipokuja Sheria ya Elimu ya 1969 shule nyingi za misheni zikaingia mikononi mwa serikali, wazee wa aina ya babu wakapumua, japo baba yangu gari lilikuwa limeshampita. Kwahiyo mimi kukaa kwenye ukumbi wenye msalaba ukutani nikisubiri lekcha ilikuwa safari ya vizazi vitatu, na niliichukulia siriazi.

Sasa mwaka wa kwanza kulikuwa na kozi ya lazima ya maadili ya Kikristo. Wote tunaisoma, Mkatoliki, Mlokole, Msabato, Mwislamu, na jamaa mmoja aliyekuwa anasema haamini chochote. Watu kama mia nne kwenye ukumbi mmoja, feni mbili, lekchara anasoma slaidi neno kwa neno utafikiri anasoma taarifa ya habari. Wiki ya tatu tukagundua kwamba kila anachosema kiko kwenye madesa, yale makaratasi ya kukariri yanayouzwa steshenari ya nje ya geti, kurasa kumi na nane, shilingi elfu moja na mia tano, ukumbi ukabaki na watu arobaini. UE, mtihani wa mwisho wa semista, ikaja: taja na ueleze sifa sita za dhamiri njema. Nikazitaja sita na mifano nikaweka. Nikapata A. Na yule Mlokole wetu wa mkesha kila Ijumaa, mtu aliyekuwa anaombea mpaka jenereta ya hosteli iwake, akapata sapu, yani kafeli arudie mtihani. Aliponiangalia siku ya matokeo, jamani, sijawahi kuangaliwa vile, kama nimekalia kiti chake kanisani.

Na kwenye huohuo mtihani wa maadili msimamizi alimtoa kijana mmoja na kikaratasi kwenye soksi, maandishi madogo kama sisimizi, na juu kabisa kimeandikwa "uaminifu, maana yake". Nasimulia hii kwa rafiki zangu mpaka leo na wanacheka, ila baada ya kicheko huwa nabaki na swali ile A yangu ilipima nini. Imani ya Kikristo haikupima, maana sina. Ujuzi wa Ukristo haikupima pia, maana ukiniuliza leo kwanini Mkristo anasamehe mara sabini mara saba nitakukodolea macho. Ilipima kwamba nilikuwa na elfu moja na mia tano. Na kuna kitu kingine kibaya zaidi, sikuthubutu kuandika ninachofikiri, yani kulikuwa na swali moja la ndoa ambalo nilikuwa na mawazo tofauti kabisa na madesa, tena mawazo ya kusomeka, nikaandika ya madesa, kwasababu nani anataka kuchezea GPA yake kwa kubishana na kanisa. Babu aliogopa tutabadilishwa dini. Mimi nilibadilishwa kuwa mnafiki wa dakika mia na themanini, nikalipwa A.

Ningekuwa nimeishia pale barua hii ingekuwa fupi, ningewaambia futeni hizo kozi basi. Lakini mwaka wa pili nilikutana na mzee mmoja padri, alikuwa anatufundisha falsafa, mfupi, miwani imefungwa na waya, hana slaidi hata moja.

Yule alikuwa anaanza kila kipindi na hoja za wanaompinga. Kama leo mada ni kama Mungu yupo, basi dakika ishirini za kwanza anasimama upande wa anayesema hayupo, na anasimama kweli, hachezi, mpaka wasichana wawili watawa waliokuwa wanakaa mbele wanaanza kutazamana. Alafu ndo anajibu. Siku moja tukamuuliza mbona unafanya hivyo, akasema huu sio mtindo wangu, hivi ndivyo walivyokuwa wanafundisha Paris karne ya kumi na tatu, Thomas wa Akwino kila swali lake analianza na hoja za upande wa pili, na huyohuyo Thomas akitaka kumtaja Ibn Rushd, mwanazuoni wa Kiislamu wa Kordoba, mara nyingi hata jina hamtaji, anamwita tu Mfafanuzi, kwa heshima, maana ndo aliyemfafanulia Aristotle. Mimi pale nyuma nikakaa sawa. Mtakatifu wa kanisa anasoma kwa Mwislamu na anabishana naye kwa heshima, alafu mimi na Mlokole tunapimwa nani kakariri sifa sita!

Nikapata ujasiri nikamuuliza jambo langu. Kwenye historia tulikuwa tumefika Majimaji, na Majimaji kwangu sio mada, ni nyumbani, ilianzia vilima vya Umatumbi, Kilwa, Julai 1905 watu walipong'oa pamba Nandete. Lekchara wa historia alikuwa ametupa sababu za kushindwa: moja silaha duni, mbili kukosa umoja wa uongozi, tatu imani za kishirikina, weka tiki twende vita vya Wahehe. Nikamuuliza yule, waliokunywa ile dawa walikuwa wajinga, au waliamini kitu? Akaniambia hilo halipo kwenye silabasi. Basi nikalipeleka kwa padri. Akakaa kwenye kona ya meza, akanyamaza kidogo, akasema: mimi kila asubuhi nashika mkate nasema huu ni mwili, kwahiyo kabla sijamcheka Mmatumbi na maji yake inabidi nifikiri vizuri. Ukumbi kimya. Akaendelea kwamba yeye anaamini kabisa mambo hayo mawili hayafanani, ila mtu wa chuo kikuu akisema hayafanani lazima atoe sababu, na sababu yenyewe isiwe kwamba moja ni la kwetu na lingine ni la washenzi. Tukabishana wiki mbili. Nilisoma kuhusu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote, jinsi alivyowaunganisha watu ambao hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja, Wamatumbi, Wangindo, mpaka vita vikasambaa mpaka Ungoni, kwa maji ya dawa na ahadi kwamba risasi itakuwa maji, wakati hakuna mtemi wala akida aliyeweza kuwaweka wale watu kwenye safu moja. Sio kwamba niliamini maji. Nilielewa kwamba ile namba tatu kwenye madesa ndo ilikuwa vita yenyewe.

Yule padri kwenye mtihani alinipa B. Na ile B ndo cheti changu, nyingine zote ni karatasi.

Sasa mtasema huyu kaokotwa na Wakatoliki. Hapana bwana. Nilivyorudi likizo nikagundua kwamba hata kwetu hiki kitu kilikuwepo na mimi sikuwahi kukiona, kama mtu anayetafuta miwani iko kichwani. Sheikh wetu wa darsa, baada ya magharibi, anasoma kitabu cha fiqhi na vijana wameketi mkekani, msimu wa korosho ule, mnada wa kwanza umeshapita, watu wana hela, na kijana mmoja akauliza: sheikh, korosho ina zaka? Hebu fikirieni swali zito kuliko hilo kwa Lindi na Mtwara, sijui mtalipata wapi. Sheikh akacheka, akasema mas'ala haya yana kauli mbili. Kwa madhehebu yetu ya Shafii zaka ya mazao ni kwenye chakula kikuu kinachowekwa ghalani, mtama, mchele, mahindi, kwahiyo korosho yenyewe kama zao haiingii, ila hela yake ikikaa mwaka na imefika kiwango hiyo ina zaka. Lakini Imamu Abu Hanifa anasema kila kinachotoka ardhini kina haki yake. Akatoa dalili za huyu na dalili za yule, alafu akamwambia kijana: na wewe ungekuwa kadhi ungesemaje? Kijana ana miaka kumi na sita. Anauza karanga stendi. Anaulizwa angekuwa kadhi angesemaje!

Kwahiyo wakuu wangu mnaomiliki vyuo vya dini, mkisikia mtu anasema dini inaua maswali msimkubalie, nendeni kwenye darsa mkaone. Watu wa dini wamefundisha kwa kuuliza tangu zamani, al-Azhar inafundisha tangu karne ya kumi, Paris ilikua kwenye kivuli cha kanisa kuu. Anayeua maswali ni madesa. Ni ukumbi wa watu mia nne na feni mbili. Ni lekchara anayelipwa kwa kipindi, anavitafuta vipindi vyuo vitatu kwa wiki, hana muda wa kumsikiliza Hamisi wa nyuma. Mmechukua kitu cha moto mkakigeuza kozi ya kujazia yuniti, na mnadhani mnalinda imani.

Nahamia upande wa serikali, maana nao wasikae wanatabasamu.

Binti wa dada yangu anasoma mambo ya afya kwenye chuo kimoja cha serikali, sikitaji. Anasema kule dini ni kitu cha fellowship na msikitini, jioni, nje ya ratiba, darasani ikiguswa lekchara anasema dini mmeziacha getini. Nilidhani ni maneno ya utani mpaka alipokuja fildi kituo kimoja cha afya huku kusini, na ilikuwa imebaki wiki moja Ramadhani. Akaja mzee mwenye kisukari, anatumia dawa miaka, anauliza: nifunge? Daktari akamwambia usifunge mzee, akaandika, akaita mwingine. Mzee akaitikia ndiyo daktari. Akaenda kufunga. Siku ya tisa wakamleta kwenye bajaji amezimia, sukari imeshuka. Alipona, alhamdulillah. Binti alilia usiku kwenye simu, sio kwa ajili ya mzee tu, ananiambia mjomba yule mzee nilimuona usoni kwamba haikubali ile hapana, na sikujua nimwambie nini, hawajatufundisha.

Na kulikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba Qurani yenyewe, Sura ya Baqara aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa, na ambaye hatarajii kupona ana fidia ya kulisha maskini, kwahiyo kula kwake sio dhambi anayofanyiwa na hospitali. Kwamba kama kalazimisha kufunga basi dawa zake zipangwe upya kati ya futari na daku na asizimeze kama siku zote, na aende kwa daktari kabla ya mwezi kuandama. Kwamba kujichoma kidole kupima sukari masheikh wengi wanasema hakufunguzi. Kwamba ikishuka akaanza kutetemeka afungue hapohapo. Haya ni mambo ya kipindi kimoja, saa mbili, sheikh mmoja na daktari mmoja mbele ya darasa wanaulizana. Mkoa ambao Ramadhani mchana huwezi kupata kikombe cha chai mtaani, mnamleta muuguzi ambaye dini kaiacha getini, sasa atamtibu nani? Hao wagonjwa wao dini zao wameingia nazo mpaka wodini.

Hii kampasi ya Lindi ndo inaniumiza kichwa zaidi. Tumesikia inajengwa kwa mradi wa HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa vyuo vikuu, na kilimo ndo kitakuwa moyo wake, na sisi tumefurahi, bodaboda wa Ngongo wameshapandisha bei kwa kutegemea wanafunzi ambao hawajafika. Lakini msije mkatuletea wasomi wa kilimo wanaoshangaa kwanini mkulima anakataa mkopo wa pembejeo, wanaandika kwenye ripoti "uelewa mdogo", wakati mkulima ana uelewa mkubwa sana, anaujua riba ni nini na imekatazwa wapi, nyie ndo hamjamuuliza. Msije mkapanga mafunzo ya ugani mwezi wa jando mkashangaa ukumbi mtupu.

Na msiseme chuo kikuu hakijui kufanya hivyo, maana Dar es Salaam walishafanya. Mwaka 1968 idara ya historia pale Mlimani ilituma wanafunzi vijijini, wakakaa na wazee waliokuwepo kwenye Majimaji, wakawauliza ile dawa ilikuwa nini, mlipewaje, mliamini nini, na wakaandika. Chuo chenyewe kilikuwa na miaka saba tu toka kianze 1961. Vijana wa enzi za Azimio la Arusha, wengi wao nahisi walikuwa wanaona mambo ya waganga ni upuuzi, lakini walikaa chini wakasikiliza wakaandika kama walivyoambiwa, na bila wao tungebaki na kumbukumbu za Mjerumani peke yake. Hawakwenda kuwabatiza wazee wala kuwasilimisha wala kuwatoa ushamba. Walienda kujua. Kwenye nembo yenu mmeandika Hekima ni Uhuru, na hiyo ilikuwa siku ambayo nembo ilitembea kwa miguu mpaka Kilwa. Tena hapo Mlimani mna idara ya falsafa na masomo ya dini, kwahiyo sio kwamba hamna watu. Waleteni na huku.

Najua mnachoogopa. Mimi sio mtoto, naikumbuka mihadhara ya kukashifiana, kaseti zilikuwa zinauzwa mpaka magengeni, na nazijua vurugu za msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, 1998, watu walikufa. Serikali ikajifunza kwamba dini ikiguswa inawaka, bora isiguswe. Nawaelewa. Ila sisi wa huku tuko jirani na moto mwingine, wa vijana waliobeba silaha kwa jina la dini. Oktoba 2017 ulianza Msumbiji, Mocímboa da Praia, na Oktoba 2020 ukavuka Ruvuma ukachoma nyumba za watu Kitaya, Mtwara. Sitajifanya najua kila kilichowaingia wale vijana, kuna umaskini humo na kuna mengine. Lakini mimi nafundisha vijana wa umri ule, na nawaambieni kijana mwenye swali la dini hakai nalo, kama darasani haulizi na darsani sheikh ana haraka, analiuliza kwenye simu saa sita usiku, na anayejibu simu hiyo hana kauli mbili. Ana moja tu.

Kwahiyo naomba, na sitaweka namba maana nimechoka na pointi za tiki.

Mababa askofu na masheikh, kozi zenu za lazima endeleeni nazo, chuo ni chenu na aliyekuja amekuja mwenyewe. Lakini msitahini imani. Ibara ya 19 ya Katiba inasema mambo ya kuabudu na kueneza dini ni hiari ya mtu binafsi, sasa hiari gani hiyo inakuwa na GPA ndani? Mwanafunzi apewe swali gumu, asome upande wenu na upande unaowapinga, na asahihishwe kwa hoja. Akipinga kwa hoja nzuri apate A yake, akikubali kwa madesa apate anachostahili. Mnahofia nini? Askofu Vincent Lucas pale Masasi, askofu wa kwanza wa Anglikana wa dayosisi hiyo kuanzia 1926, alikuta jando, wenzake wengi wa misheni walikuwa wanalipiga marufuku, yeye akajiuliza ndani ya jando kuna nini ambacho Mkristo anaweza kubaki nacho, na wakafanya jando la kikristo. Unaweza kumpinga, wapo Wamakua na Wayao waliompinga na wapo wamisionari waliomuona kapotea, ila huwezi kusema hakufikiri. Na Mkapa, mtoto wa Lupaso, Mkatoliki aliyepita shule ya Ndanda, serikali yake ndo ilitoa majengo yaliyokuwa ya TANESCO pale Morogoro kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Waislamu 2005. Kwa hiyo huku kwetu watu wenye imani yao na bado wanampisha mwingine tunao, sio wageni.

Masheikh wangu nina neno na nyie pembeni kidogo. Acheni kuwaambia wazazi falsafa ni kufuru. Binti akienda chuo cha kanisa akirudi na maswali, msimpe ruqya, kisomo cha kumtoa majini, mpeni kitabu.

Wizara na TCU, mnapopitisha mitaala mnahesabu yuniti, mnahesabu maktaba ina vitabu vingapi, mnahesabu mahekta, sawa. Ulizeni na hili: mwanafunzi wa sheria wa chuo hiki akipangiwa Mahakama ya Mwanzo Tandahimba akaletewa shauri la mirathi ya Mwislamu wa Kimakonde mwenye wake wawili na mashamba ya korosho ya ukoo wa mama, atajua aanzie wapi? Maana hapo kuna sheria ya Kiislamu, kuna mila ya ukoo kwa mama, na kuna sheria za nchi, na wote watatu wako mlangoni wanagombana. Hiyo sio kazi ya fellowship ya jioni.

Na walimu wenzangu wa vyuo, nyie mnaoogopa kuonekana mna dini au hamna, mwanafunzi hahitaji kujua unasali wapi. Yule padri tulijua anasali wapi, kanzu yake ilikuwa inaonekana toka getini, na bado alitusimamia upande wa pili kwa haki mpaka tukasahau. Ni ufundi, unafundishika, muwatume watu kozi kama mnavyowatuma kujifunza kutengeneza slaidi.

La mwisho ni dogo na ni rahisi kuliko yote, halihitaji Benki ya Dunia. Ratiba. Yule binti wa dada yangu anarudi chuo Jumatatu na basi la alfajiri, mama yake kashamfungia ming'oko na korosho za kubangua za kugawia wenzake chumbani. Jana wamemtumia picha ya ratiba kwenye grupu la darasa. Testi ya kwanza ya semista, Ijumaa, saa saba mchana. Ya pili, ya kufidia kwa watakaokosa, Jumamosi saa nne asubuhi, na rumeti wake ni Msabato.

Wenu,
Mwalimu wa historia, Lindi